Herufi ya kusoma toka ngambo ya barabara

Mujukulu wangu Kalenga,

Jambo toka Kampemba. Mama yako anashona nguo za ndoa mpaka anasahau kula.

Uliniuliza herufi gani utaweka mbele mu style, ile mipango ya sura, ya site ya internet yenye unatengenezea atelier yake ya kushona: ya kujipindapinda ao ya kawaida. Kambo yako mwanaume, bwana yangu, alikuwa anapaka majina ya maduka pa ukuta. Akimaliza neno moja, ananituma ngambo ya barabara nisome. Nikikunja macho, anafuta yote, hata kama ilikuwa muzuri sana. Nilimupendea ile.

Jana nilifungula site. Simu yangu ya zamani ilikosa ile ya kujipindapinda, ikaleta ile ya kawaida yenye uliweka nyuma yake, juu ya simu zenye zinakosa ya kwanza. Kumbe ulinifikiria! Nilisoma jina ya mama yako bila miwani, bila kukunja macho.

Kambo yako, Feza