Nilificha Vidonge Nione Kama Anaumwa Kweli

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukimaliza kunisaidia unielimishe, maana nimekuwa fundi bomba kwa miaka ishirini na jambo hili limenishinda. Mke wangu hubanwa kifua alfajiri akiwa amelala tu, jasho linamtoka, baada ya dakika kumi ameshapoa, na mchana huohuo anapanda ghorofa ya nne na ndoo mbili za maji bila kuhema, sasa hospitali wakampiga picha ya mishipa ya moyo wakasema ni safi, hakuna kilichoziba, ila huwa inajikaza yenyewe, wakampa vidonge, na mimi nikasema moyoni bomba halijifungi lenyewe, kama linapitisha maji jioni na asubuhi, alfajiri nani kalifunga? Nikadhani anakwepa kuamka kumchemshia chai mama yangu, aliyehamia kwetu na hawaivi chungu kimoja. Basi nikafanya kama kazini, ukishuku kifaa unakitoa uone: nikavificha vidonge kwenye sanduku la spana, nikaweka vitamini za rangi hiyohiyo kwenye kichupa, na alfajiri ya tatu, nikiwa navuta sigara yangu ya kwanza kitandani kama kawaida, akanishika mkono akasema, "Baba watoto, leo sifiki," akazimia. Ameamka, yuko wodini, lakini daktari anasema dawa imeshindwa na kesho atamwongezea nyingine, mke wangu analia kwamba hata dawa imemkataa, nami nimenyamaza tu. Nikisema, ndoa itabaki? Na huo mshipa unajifungaje?

Fundi Bomba

Fundi, jibu hili nimekutumia kwa simu kabla ya kulichapisha, maana la kwako halingoji gazeti. Umenikasirisha. Dawa haikushindwa, haikumezwa.

Lakini swali lako ni zuri, nami halikunipa raha mpaka nikamuuliza daktari wa moyo. Bomba halina nyama, mshipa unayo. Ukuta wake umezungushiwa msuli unaokaza na kulegea, na ndani kabisa, pale damu inapopita, kuna utando mwembamba sana. Utando huo ndio unaouagiza msuli ulegee. Ukidhoofika, agizo linafika hafifu. Na msuli nao ukiwa mwepesi wa kushtuka, kitu kidogo kinaukaza: baridi, hasira, moshi. Aghalabu hutokea mtu akiwa amepumzika, hasa kuelekea alfajiri. Msuli ukishalegea, picha haioni kitu. Vidonge huuzuia msuli kujikaza, na kuviacha ghafla ni hatari.

Nikamuuliza pia kuhusu mtu kuvuta moshi wa sigara ya mwenzake kitandani. Akasema nao huumiza utando huohuo. Sisemi wewe ndiye uliyemwanzishia, hilo hatulijui, lakini ulikuwa unatafuta anayefunga bomba alfajiri huku umeshika kiberiti.

Sasa simama. Maji yaliyomwagika hayazoleki, ila unajua mwenyewe kwamba kwanza unafunga koki, sakafu utaipangusa baadaye. Anza na daktari, leo, kabla hajaandika dawa mpya. Mpe vidonge na zile vitamini, mtajie na siku uliyovibadilisha. Kisha mwambie mkeo, daktari akiwepo, usije ukamshtua akiwa peke yake. Sigara zima zote. Chai ya mama ichemshwe na mwanawe.

Kama ndoa itabaki, ataamua yeye. Akikuuliza kwa nini, usimsingizie mama yako. Mwambie ukweli, kwamba ulipokutana na kitu usichokijua, uliona afadhali yeye awe mwongo.