Ombi Kuhusu Chumba Chako na Milango Miwili Inayokosekana

Mpendwa mke wangu, Mama Neema,

Kwa heshima unayostahili, ninakuja mbele yako nikiwa nimechoka, kukueleza hali ya parseli yetu, ua huu wa nyumba zetu, hapa Majengo tangu tulipokuzika.

Wakumbuka ugomvi wa robine, bomba letu la maji. Milango ilikuwa sita, robine moja, na wenye mlango wa kwanza na wa pili hawakuweza kupokezana bila matusi. Wewe, mwalimu wa hesabu, ukatupa sheria: namba ya mlango uliotangulia kuteka leo izidishwe kwa tatu, saba zote ziondolewe, na kinachobaki kiwe mlango wa kesho. Moja, tatu, mbili, sita, nne, tano, kisha moja tena. Kila nyumba ilifikiwa, na mahasimu wale hawakufuatana kamwe.

Papa Kambale wa mlango wa nne akaona tatu ni kazi nyingi, akashauri mbili. Ikawa moja, mbili, nne, kisha moja. Mama wa mlango wa tatu akaja na bidoni tupu: "Na siye tukunywe ziwa? Papa Kambale, hesabu yako inajua mulango yako tu." Ulicheka hadi ukaketi chini. Baadaye ulinieleza mezani, mimi nisiyemaliza shule, kwamba ndani ya saba kila namba ina mwenzake wa kuirudisha kwenye moja: tatu kwa tano ni kumi na tano, toa saba mbili, yabaki moja. Tangu hapo uliniita Tatu, nami nikakuita Tano.

Sasa milango ni nane, kwani familia mbili zilizokimbia vita Kibati zimepewa depo, zile stoo za nyuma. Nikajaribu sheria yako kwa tisa, moja zaidi ya milango, kama ilivyokuwa saba yako. Tatu kwa tatu ni tisa. Ukiiondoa, habaki mtu. Nikazidisha kwa mbili: mlango wa tatu na wa sita haiitwi kamwe, kwa kuwa namba zao, kama tisa yenyewe, zinagawanyika kwa tatu. Mezani hakuna wa kumwuliza.

Kumi na moja ingefaa. Haigawanyiki, na kwa nane milango kumi yote huitwa, na mahasimu wale hawafuatani. Nilipomwambia Kambale kwamba nakosa miwili, alinitazama.

"Papa Neema, unatafuta milango, na chumba ya marehemu iko wazi? Batu banalala kwenye kanisa."

Nilimjibu kwa ukali kwamba si wazi. Ubao wako wa kufundishia ungali ukutani.

Lakini hesabu haikidai chumba hicho. Ingetosha kuruka namba zisizo na mtu. Wewe ungeniambia hivyo mara moja. Wanaokidai ni watoto wa wakimbizi wengine, wanaokohoa juu ya saruji ya kanisa, nami nimechoka kupita mbele ya mlango uliofungwa.

Kwa hiyo ninaomba uridhie chumba chako kigawanywe kwa mbao, kiwe mlango wa tisa na wa kumi. Fundi anakuja asubuhi. Ufunguo nimekwisha kumkabidhi Kambale, ili nisiweze kubadili nia.

Pokea, Mama, heshima yangu isiyopungua.

Mume wako,
Papa Neema