Sentensi Niliyoiruka Paredini

Alhamisi, saa moja jioni

Hili sijamwambia mtu yeyote. Leo asubuhi paredini, ilikuwa zamu yangu kusoma habari, na niliiruka sentensi moja. Hakuna aliyenikataza.

Redioni walisema soko limesafishwa. Neema, rafiki yangu pekee hapa bwenini, aliniomba niongeze kwamba meza za akina mama zimevunjwa, na ya mama yake muuza karanga imo. Niliiandika sentensi hiyo, nikaitafsiri, maana Alhamisi ni siku ya Kiingereza. Nilipoifikia nikamwona mkuu wa shule anatazama saa yake. Saa tu! Nikasoma kwamba soko sasa ni safi, nikakunja karatasi. Wakapiga makofi.

"Mwalimu wa zamu kaikata alipokagua habari, eti?" Neema aliniuliza baadaye. "Nilijua tu. Pole shosti, wewe ulijaribu."

Akanigawia karanga za mama yake, nikazipokea.

Nilidhani habari hufichwa na wakubwa. Mimi nimeificha kwa woga tu, na mwalimu wa watu analaumiwa, na mimi...

Wenzangu wengine wako bwaloni. Nasikia ndala za Neema zinakuja mlangoni. Kila siku daftari hili nalisukumia chini ya mto. Leo naliacha wazi, ukurasa huuhuu.