Majani Kumi na Moja Niliyokataa Kuyafuta

Maabara ya Mimea,
Chumba cha 6,
S.L.P. 218.
14 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, maana mara ya mwisho ulisema goti limegomea ngazi. Umeanza yale mazoezi, au bado unamdanganya daktari? Sisi hatujambo. Kikohozi kimemwacha Mama. Mdogo wangu amepata kazi ya kufunga vioo vya madirisha, na kila jioni anarudi na bandeji kwenye kidole kingine. Tunamwambia ana vidole kumi tu, ajipange.

Najua Baba ameshakupigia simu kukueleza kwamba binti yake amegombana na mkuu wake wa kazi, na kwamba ameota mapembe. Kugombana ni kweli. Habari ya mapembe, soma kwanza halafu uamue mwenyewe.

Nilikuambia tunachunguza kunde mwitu, zile zinazojiotea tu bila kupandwa. Zipo za barabarani, zinazotambaa kila mahali, na zipo za juu ya kilima cha mawe. Ukizitazama, ua ni lilelile la zambarau na ganda ni lilelile. Mkuu wa idara yetu alizitazama hivyo miaka ishirini na sita iliyopita, akaandika kitabu kwamba zote ni aina moja. Simlaumu. Wakati ule mashine hatukuwa nazo.

Sasa tunazo. Ndani ya kila jani kuna vinasaba, ule urithi ambao mmea hupewa na wazazi wake. Sisi huchagua sehemu chache za vinasaba hivyo, tunaziita alama, tukapima urefu wake. Zinatokea kama mistari kwenye jeli, chini ya taa maalumu. Mimea ya aina moja, mistari yake huelekea kufanana, kama wewe na Baba mlivyogawana lile paji la uso. Mimi nilipima alama kumi na mbili. Kwenye tisa kati ya hizo, kunde za kilimani zilikuwa na mistari ambayo sijaiona hata kwenye jani moja la barabarani. Tena pale chini ya kilima mimea hiyo inatambaliana kabisa, lakini chotara sijampata hata mmoja.

Utaniuliza, na hiyo ni ugomvi? Ni ugomvi, Shangazi, kwa sababu kilima kimepangiwa machimbo ya kokoto. Idara iliombwa iseme kama juu kuna mmea wowote wa pekee. Kama kunde zile ni zilezile za barabarani, basi tingatinga lipande tu. Kama ni aina nyingine, basi zimebaki pale tu, maana tumetafuta kwingine kote na hatukuziona.

Nilimpelekea Mkuu jedwali la sampuli mia moja na nne. Tisini na tatu za chini, kumi na moja za kilimani, jani moja kwa kila mmea uliopo kule. Aliweka kidole kwenye zile kumi na moja.

"Hizi zimechafuka," akasema, yaani zimeingiwa na kitu kingine humu maabara.

"Nimezirudia mara tatu, Mkuu."

"Basi umezichafua mara tatu. Zifute, ripoti iende Ijumaa."

"Sizifuti."

Alinitazama kama vile kiti ndicho kilichosema. Jumatatu nikakuta nimehamishiwa kwenye karo la kuoshea vyombo. Wiki tatu nilisugua chupa mpaka sabuni ikanipasua mikono. Meza yangu ikafunikwa nailoni, ripoti ikakaa kwenye droo ya Mkuu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Baba aliniambia, "Miaka thelathini na moja nimekuwa karani wa masjala, sijambishia bosi hata siku moja." Nikamjibu, "Na walikusikiliza siku ngapi?" Shangazi, alisukuma sahani akaondoka mezani. Neno lile lilinichoma mwenyewe. Kesho yake nilimwomba radhi, na nilimwomba kwa moyo. Lakini chupa niliendelea kuziosha bila kuomba radhi ya mtu.

Halafu ukaja mkutano wa mwezi. Nilitoka kwenye karo mikono ikiwa bado imelowa, nikasimama mbele ya watu wote.

"Mkuu, chuma majani ishirini na manne wewe mwenyewe. Yape namba, usiniambie lipi limetoka wapi. Majibu yatiwe kwenye bahasha, akae nayo Mama Gundi. Nikikosea hata jani moja, nitazifuta zile kumi na moja kwa mkono wangu."

Mama Gundi ndiye mtunzaji wa mimea iliyokaushwa. Amebandika majani kwenye karatasi tangu kabla sijazaliwa, na hakuna anayethubutu kumwomba afungue bahasha.

"Na usipokosea?" Mkuu akauliza. Alikuwa anatabasamu.

"Ripoti iende nzima, na mimi nirudi kwenye meza yangu."

Hakuweza kukataa mbele ya macho yote yale.

Nilipewa siku tatu. Nilisaga, nikachuja, nikapitisha kwenye mashine, nikamwaga jeli. Ishirini na tatu yalijipanga bila shida, haya ya chini, haya ya kilimani. Jani namba kumi na saba likanikausha mate. Mistari yake haikuwa ya huku wala ya kule. Nilisema moyoni, basi, kweli nimechafua. Nikalisaga upya kutoka mwanzo. Mistari ikaja ileile. Hapo nikapata akili ya kulilinganisha na kunde za kawaida, hizi za kulimwa. Shangazi, nilicheka peke yangu mle chumbani kama mwehu.

Mkutanoni nilisoma namba moja moja, Mama Gundi akifuata kwenye karatasi ya Mkuu kwa ncha ya kalamu. Kila namba anasema, "Sawa." Nilipofika kumi na saba nikasema, "Hili si la kilimani wala la barabarani. Ni kunde ya kulimwa. Nadhani limechumwa hapa hapa."

Mama Gundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kitalu cha nyuma ya choo," akasoma.

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Mkuu hakucheka. Tulipomaliza ya ishirini na nne aliinuka, akasema, "Peleka ripoti," akatoka. Sijamsikia akisema neno jingine kuhusu jambo hilo, na silihitaji.

Usidhani mambo yalinyooka yote. Wakati mimi naosha chupa, tingatinga lilikuwa limeshaanza ubavu wa chini bila kusubiri ripoti. Mimea mitatu kati ya ile kumi na moja haipo tena. Baada ya ripoti kufika, machimbo yamehamishiwa upande wa pili wa bonde, na minane iliyobaki imezungushiwa uzio. Ile mitatu inaniuma. Ningepayuka wiki ya kwanza badala ya kunyamaza kwenye karo, huenda ingekuwepo.

Wiki iliyopita ofisi ya utumishi ikaniletea barua ya kutia sahihi, kwamba najutia kumfedhehesha kiongozi mbele ya watumishi. Mkataba wangu unaisha Desemba, na walihakikisha nalikumbuka hilo. Nikampelekea Baba aisome, nikijua atasema nitie sahihi yaishe.

Aliisoma mara mbili. Akaigeuza nyuma, kisha mbele.

"Haina namba ya kumbukumbu," akasema. "Haina jalada. Hii si barua, ni karatasi. Leta kalamu."

Akakaa akaandika jibu kwa mkono wake, kwa lugha ile ya ofisini iliyonyooka kama rula, kwamba mtumishi tajwa hapo juu amesoma, ameelewa, na hakubali. Mimi nikatia sahihi. Nakala moja ameitunza kabatini mwake. Bado hawajajibu.

Wakinitoa Desemba, nitatoka. Atakuja fundi mwingine, atasaga majani yale, na ataona mistari ileile niliyoiona mimi.

Mama anakusalimu sana, na Bibi anauliza utakuja lini kumsuka nywele. Mdogo wangu anakusalimu kwa vidole vilivyobaki. Wasalimie Mjomba mumeo na binamu zangu wote, hasa yule mwenye maswali mengi, mwambie aniandikie.

Mungu akulinde, akupe goti jepesi na usingizi mzito.

Ni mimi mwanao, nikupendaye popote ulipo,

Binti wa kaka yako