Mara Mbili Yatosha

Ujerumani Magharibi
4 Machi 1973

Kwa ndugu yangu Ishengoma,

Mpola waitu! Hujambo wewe, na mama hajambo? Sisi huku ni wazima, ila baridi tu. Josia mdogo wako ameanza kunenepa, mwambie mama asiwe na wasiwasi tena.

Imepanda, Ishengoma! Jana asubuhi satelaiti yetu imepanda. Wewe unafundisha watoto majina ya sayari hapo Muleba, mwenzako nimeshika kwa mikono hii hii kitu kinachozunguka huko juu. Kazi yetu mimi na Josia ilikuwa mabomba ya gesi yanayolisha roketi ndogo nne za pembeni. Hizo si za kurushia. Ni za kukigeuza chombo polepole kikiwa juu, kielekee jua. Kila moja haizidi kinu cha pilipili. Mimi ndiye msimamizi, Josia fundi wangu, na mkono wake umetulia kuliko wa Wajerumani wenyewe.

Ila anapenda mno utaratibu! Jumamosi tarehe 13 Januari tulikuwa tunaosha mabomba kabla ya kuyafunga. Kitabu kinasema mara tatu. Saa kumi imefika, wanafunzi wa Kiafrika wana dansi mjini, naye bado anafungua chupa ya dawa ya tatu. Nikamwambia, mara mbili yatosha, funga, kaka yako anaenda kucheza. Alininunia njia nzima. Nikasaini, tukafunga, na leo hii chombo kiko juu.

Ukienda Bukoba, pita kwetu Nyanga unisalimie mama.

Nduguyo wa omukago,
Clavery


Shule ya Msingi, Muleba
21 Machi 1973

Ndugu Clavery,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mvua imeshika vizuri na migomba imependeza. Mama mguu unamsumbua kidogo, lakini siku barua yako ilipofika alitembea bila fimbo.

Nimeisoma barua mbele ya mkutano wa kijiji. Usinicheke, barua ya Ulaya hapa si ya mtu mmoja. Ile ya dansi niliiruka, kwa heshima yako! Watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti akasimama akasema Josia akirudi na cheti chake, kijiji kitamjengea karakana, afundishe vijana wetu ufundi. Matofali yameanza kufyatuliwa. Mama anapita pale kila siku kuyahesabu.

Unakumbuka tulivyokula ile kahawa ya omukago, tukawa ndugu wa damu? Punje mbili za tunda moja, yangu ikiwa na damu yako na yako ikiwa na damu yangu. Padri wako alikasirika, mchungaji wangu naye akakasirika, na sisi tukacheka. Ndiyo maana siku ile bandarini Bukoba nilikukabidhi Josia bila kulia. Nilikwambia huyu sasa ni mdogo wako.

Mtunze.

Nduguyo wa omukago,
Ishengoma


Ujerumani Magharibi
5 Aprili 1973

Ndugu Ishengoma,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na mguu wa mama umepona. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Mambo yameharibika. Siku ya tisa tangu kurushwa, chombo kilianza kuzunguka chenyewe kama kuku aliyekatwa kichwa. Roketi moja haifungi. Imeagizwa izime, imekataa, gesi inavuja bure. Gesi ikiisha, chombo ni chuma chakavu. Tumeshinda mitamboni wiki tatu. Kwanza tulifunga upande ule wote ili kuokoa gesi. Halafu tukaigeuza roketi hiyo ielekee jua ipate joto. Tukaiagiza ifunguke na kufunga mara mia, labda uchafu utatoka. Inafunga nusu, inafunguka tena.

Hapa chini tuna bomba la akiba lililooshwa siku moja na yale. Walilipasua, wakakuta vumbi la chuma. Wakasema hayakuoshwa sawasawa. Jana wakubwa walituita wote wawili. Wakamwuliza Josia, wewe uliosha mara ngapi? Akasema mbili. Kwa nini mbili? Akainamisha kichwa, akanyamaza. Wameandika kwamba amekiri.

Sijui itakuwaje. Tuombeane.

Clavery


Muleba
Ijumaa Kuu, 20 Aprili 1973

Ndugu yangu Clavery,

Pole, pole sana. Hapa ni wazima. Mama sijamwambia.

Barua yako nimeisoma peke yangu, na hii sitaisomea mkutano wowote. Clavery, ile habari ya Jumamosi naikumbuka. Sikuhitaji kuitafuta barua.

Sikulaumu kwa dansi. Nani hajawahi kukosea? Lakini wale wazungu hawamjui Josia, wewe unamjua. Mtoto wa Kihaya aliyelelewa na mama yangu hawezi kumwumbua mkubwa wake mbele ya wageni. Akinyamaza hakiri, anakustahi. Tulipokuwa wadogo nilivunja kibuyu cha baba cha pombe ya lubisi. Baba akamshika Josia. Josia hakusema neno, alinitazama tu mimi, akisubiri. Alikula fimbo mbili kabla sijasema ni mimi. Mpaka leo nazikumbuka zile fimbo mbili.

Sasa anakutazama wewe. Nenda kawaambie: mimi ndiye niliyesema mara mbili yatosha. Basi. Watakukaripia, labda watakushusha cheo, halafu yataisha. Yeye wakimfukuza hana cheti, na bila cheti hana kitu.

Najua utasema. Ningekuwa na shaka nisingekula kahawa na wewe.

Nduguyo wa omukago,
Ishengoma


Ujerumani Magharibi
3 Juni 1973

Ndugu Ishengoma,

Habari za siku nyingi. Samahani kwa kimya, kazi ilikuwa nyingi. Mama hajambo?

Chombo kimepona, tumshukuru Mungu. Tumejifunza kukiongoza kwa roketi tatu. Mahesabu yalikuwa yangu, na wamenipandisha kuwa mkuu wa kitengo.

Josia ameondoka kwa ndege tarehe 28 Mei, atashuka Bukoba kwa meli. Nilijitahidi, ndugu yangu. Lakini fikiri na wewe. Msimamizi Mwafrika hapa ni mimi peke yangu. Nikianguka mimi, hawatachukua mwingine kutoka Tanzania miaka kumi. Josia bado kijana, ataanza upya. Mimi nilitazama faida ya taifa, na wewe ni mwalimu, unanielewa.

Ile barua yangu ya Machi ilikuwa mzaha tu. Afadhali uichome, watu wasije wakaisoma vibaya.

Nduguyo wa omukago,
Clavery


Muleba
8 Julai 1973

Clavery,

Mama yako wa Nyanga hajambo. Nimeanza naye kwa sababu Josia naye alianza naye. Aliposhuka melini hakuja kwetu. Alikwenda Nyanga kwanza, na sanduku lake kichwani, kumpelekea mama yako ile shali uliyomtuma. Akala kwake, akamwambia Clavery anafanya kazi vizuri. Ndipo akaja kwetu Muleba.

Jana ilikuwa Saba Saba. Watu walicheza ngoma uwanjani, yeye alishinda shambani anapalilia. Wamesikia alifukuzwa bila cheti, wanamwita Mwangusha Nyota. Mwenyekiti amesema matofali ya karakana yajenge ghala la kahawa. Mama haendi tena kule.

Mwezi mzima hakusema lolote. Jana jioni nilimkalisha chini ya migomba, nikamsomea barua zako zote, pamoja na ile ya faida ya taifa. Nikamwuliza kwa ukali, mbona hukujitetea? Akasema, "Nilikuwa namsubiri kaka aseme."

Kaka! Kumbe alikuwa anakusubiri mpaka ndani ya ndege, Clavery. Roho yangu inaniuma, na sitakuficha. Umenigeuka. Nilikukabidhi mtu mzima na mikono yake, ukamtwisha kosa lako kisha ukamtuma shali. Mimi nilisimama mbele ya kijiji nikaficha dansi lako ili usichekwe. Taifa lipi hilo lisilo na Josia ndani yake?

Barua ya Machi sikuichoma. Leo asubuhi nilikuwa nimeiandikia bahasha ya wakubwa wako, na stempu nimebandika. Josia akaniona. Akaniuliza, si mlikula kahawa nyie? Nikabandua stempu. Kahawa ile humvimbisha tumbo anayemgeuka nduguye, langu na liwe salama, sitakuumbua, kiapo ni kiapo hata mwenzako akikitema.

Kwa hiyo barua yako imo humu, na stempu ya bahasha hii ni ile ile. Wewe unaijua njia ya ofisi ya wakubwa wako, ni hatua chache. Josia anasema utaipeleka. Mimi sina tena la kusema juu yako.

Usinijibu. Kawajibu wao.

Kaka yake Josia,
Ishengoma