Majina Chini ya Mabakuli

Canora, Saskatchewan
Jumapili

Kaka Lorne,

Huku theluji imefika usawa wa madirisha, na sisi tu wazima, isipokuwa hilo unalolijua. Majibu ya kile kinyama walichomkata Mama kwenye titi bado hayajatoka. Wiki ya tatu hii.

Akina mama wa kanisani hawakusubiri majibu. Wameleta mabakuli kumi na moja ya kabichi na viazi, kila moja limebandikwa plasta chini yenye jina la mwenyewe, ili lijue pa kurudi. Mama aliyatazama akaangua kicheko. "Jamani, chakula cha matanga hiki, na mimi bado nipo!"

Basi kila bakuli analiosha, analijaza mkate wake wa asali, na kulirudisha kwa miguu kwenye theluji. Jana nilimsihi nipeleke mimi. "Ukipeleka wewe, Verna, watasema siwezi kusimama. Hebu nipe koti." Mama Pawlyk, mmoja wao, alipofunua bakuli lake akakuta limejaa mkate, machozi yakamlengalenga. Mama akamwambia, "Unalia nini? Kabichi zako zilizidi chumvi, lakini tulikula."

Sijapata kuona mwanamke kama huyu.

Leo nilikuwa naosha vyombo vya Mama mwenyewe. Nikaligeuza lile bakuli la buluu la Krismasi, nikakuta plasta mpya. Nilidhani kaandika jina lake. Kaandika langu. Kwenye lile kubwa kaandika lako.

Nimeyarudisha kabatini kama nilivyoyakuta. Njoo, Lorne. Usingoje majibu.

Dada yako,
Verna