Mpini Mweusi wa Kupogolea Kahawa

Kunduchi, Dar es Salaam
7 Januari 2024
Mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke nyumbani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinabana kidogo na mikono inawasha kwa vumbi la kazini. Mama hajambo? Ng'ombe ameshazaa? Nimeamua kuandika, maana ile ya kupigiana simu imenichosha. Mimi napiga kelele mpaka majirani wanachungulia, na wewe unanijibu, "Hata huku mvua hakuna."

Najua Krismasi sikuja, na kila Mchaga mwenye miguu alikuja. Bosi alikataa, wageni wanaokuja kuvua samaki walikuwa wengi. Usininunie.

Dada Monica ameniambia mambo mawili. La kwanza, tangu ugonjwa ule wa Oktoba mkono wako wa kulia hauna nguvu, na msumeno unakudondoka shambani. La pili, kaka Denis amesema kahawa isipopogolewa kabla ya masika ataing'oa yote apande parachichi, na wewe hutaki mtu mwingine aiguse. Baba, kahawa ile uliipanda na babu. Sitaki nirudi nikute parachichi.

Sasa sikiliza. Kazi yangu huku ni kutengeneza mipini ya fimbo za kuvulia samaki. Mteja anaminya udongo kwa mkono wake. Sisi tunachonga povu gumu lifuate alama za vidole vyake, tunalivika kitambaa cheusi cha kaboni, tunakilowesha gundi, tunakibana mpaka kikauke. Mpini unakuwa mwepesi kama ganda la yai na haupasuki, na unamkaa mwenye mkono wake tu. Nataka nikutengenezee wa msumeno wako. Chota udongo kule mfongoni, maji yanapopita, uuminye kama unavyoshika msumeno. Monica atauweka kwenye basi.

Mwanao,
Primus

---

Uru
16 Januari 2024

Mwanangu Primus,

Marahaba. Hapa tuko salama. Mama yako anakusalimu. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hakuna aliyempongeza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako acheke pale pa simu. Mkono wangu haujafa. Umechoka tu, kama wewe unavyochoka. Na Denis, tangu aende kwenye semina hana habari nyingine. Akiingia hapa namwambia, "Karibu, Parachichi."

Lakini hao watu wako sijawaelewa. Mtu mzima anapimiwa mpini kama suti, anapanda boti, anavua samaki mkubwa, halafu Monica anasema anamrudisha majini. Anamrudisha? Hata mama yake hampelekei? Chukua mshahara wao, mwanangu, ila usijifunze tabia zao.

Udongo huo, umefungwa kwa jani la mgomba. Fanya haraka. Matawi yameshikana mpaka jua halifiki chini, na masika yakiikuta kahawa hivyo, ugonjwa wa kutu utamaliza majani yote. Hapo Denis hatahitaji hata kuniomba ruhusa.

Kunywa maziwa kwa ajili ya hicho kifua.

Baba yako

---

Kunduchi
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi nipo, nimechoka lakini nipo.

Mpini ndio huo kwenye boksi. Wa kwanza uliharibika. Nilichonga povu la maboksi ya kuwekea samaki na barafu, kwa kuwa lile zuri ni la bosi, na gundi niliyoitumia ikalila lote. Likabaki shimo lenye ute. Aristides, mtu wa Rombo ninayefanya naye kazi, akachungulia akasema, "Mbe, mzee ameagiza mpini, wewe umempikia mtori." Ikabidi nimwombe bosi. Akanipa kipande cha povu la kweli na mabaki ya kitambaa. Nimeufanya Jumapili mbili baada ya misa.

Ila kuna kitu, Baba, na sitakuficha. Nilipoufungua ule udongo nikauweka kiganjani kwangu, nilishtuka. Mkono wako umekuwa mdogo hivi? Vidole vyembamba hivi? Mkono huo ndio uliokuwa unaninyanyua kwa kola ya shati. Nilitoka nje nikalia. Nikamwambia Aristides ni vumbi la kaboni. Akasema, "Ndiyo, vumbi."

Kula, Baba. Nimechonga kama udongo ulivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Ingiza shina la msumeno kwenye tundu, gonga taratibu. Ukishaushika tu niandikie.

Mwanao,
Primus

---

Kunduchi
25 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Mko wazima kweli? Monica anasema boksi alikufikishia mkononi. Tangu hapo kimya. Mpini haukukaa? Denis ameshang'oa? Niambie tu, hata kama ni vibaya. Huku mawingu yameanza kukusanyika na mimi kila nikitazama juu nawaza kahawa.

Mwanao,
Primus

---

Uru
8 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Wazima, usihofu. Nimechelewa kwanza kwa aibu, halafu kwa kazi.

Mkono ulioulilia si wangu. Ni wa mama yako.

Niliuminya ule udongo, vidole viwili havikuacha alama. Nikaufinyanga upya, nikaminya tena, hivyo hivyo. Mama yako alikuwa anamenya ndizi hapo pembeni. Akaniangalia, akasema, "Lete hapa, meku, basi litaondoka." Akauminya yeye. Tulidhani mpini ni mpini tu. Ulipofika nikaushika, ukanidondoka kama ule wa zamani. Nikautundika ukutani na msumeno wake, nikanuna na kila mtu, hata na ndama.

Halafu Denis akaja na miche ya parachichi kwenye toroli. Mama yako aliingia ndani, akautoa msumeno ukutani, akaushika. Primus, ulimkaa kama umeota hapo. Akashuka nao kwenye kahawa.

Unajua kwetu. Migomba ni ya mwanamke, kahawa ni ya mwanamume. Bibi yako alizikwa hajawahi kukata hata kijitawi kimoja cha kahawa. Nikapiga kelele, "Mama Denis, toka humo!"

Akasema, "Kelele za nini? Mimi nasikia vizuri. Leta kigoda, ukae, useme tawi lipi."

Denis amesimama na toroli lake, ananiangalia mimi. Nikaona nikikataa sasa, kahawa imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi, siyo yeye. Nikaleta kigoda. Nikasema, "Hilo." Akakata. "Na hilo la ndani." Akakata. "Siyo hilo!" Alishakata.

Kesho yake jirani yetu Yoramu akapita njiani, akauliza kama nyumba hii imeishiwa wanaume. Nikamwambia mwanamume yupo, amekaa, anasema. Alicheka mpaka akaingia ndani kuomba chai, na akabaki kubeba matawi.

Tumemaliza juzi, na jana usiku mvua ya kwanza imenyesha. Upande wa mfongo kahawa imekatwa vibaya, kwingine vizuri kuliko nilivyokata mimi mwaka juzi, lakini hilo usimwandikie mama yako. Denis amepewa sehemu juu ya banda kwa ajili ya miche yake. Ameridhika, na leo amekuja kunisalimia bila kutaja tunda lolote.

Nilikuficha kuhusu vidole. Sasa umejua.

Baba yako

---

Kunduchi
13 Machi 2024

Baba na Mama,

Shikamooni. Nimemsomea Aristides barua yenu wakati wa chakula. Akaniambia, "Kumbe ulimlilia mama mzima, anayekata miti!" Karakana nzima sasa wananiita Vumbi. Mama, huo mpini ni wako, usimwazime mtu.

Nimecheka, Baba, kisha sikucheka tena. Mchana kutwa nikipiga msasa nimekuwa nafikiria vile vidole viwili, na wewe ukifinyanga udongo upya ili mimi nisijue. Udongo sitaki tena. Wako wazee huku wanaovua na mkono kama wako, tunawawekea mkanda unaopita juu ya kiganja, na mpini unanenepeshwa upande ule vidole visipobana. Lakini hauwezi kupimwa kwa barua. Lazima niushike mkono wenyewe, nijaribu, nikwangue, nijaribu tena, pengine siku tatu nne. Huenda usitoshe kwa kahawa. Utatosha kwa kitu.

Bosi ameuliza nani atafanya kazi yangu Pasaka. Nimemwambia sijui, na kweli sijui. Hakufurahi, ila amenikatia povu na kitambaa cha kubeba.

Tiketi ninayo. Nitafika Uru Alhamisi Kuu, tarehe 28 Machi, kabla ya giza.

Mwanenu,
Primus